Mama Huanza kwa Bundi

Likasi, Kikula, tarehe 9 Januari 1994

Mdogo wangu Fidélie,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mvua ni nyingi, mihogo iko, uzima uko kidogo. Habari za kiwandani usiulize. Tanuru moja tu bado linatoa moshi, na mshahara umekuwa kama mbingu: kila mtu anauamini na hakuna aliyerudi kusema ameuona. Asubuhi navaa kofia yangu ya chuma, naenda kukaa, jioni narudi.

Lakini nakuandikia kwa jambo jingine. Tangu Noeli bundi ametua kwetu. Hakutua mtini wala kwa jirani, ametua juu ya bati letu, upande wa chumba cha watoto. Giza likiingia anaanza kulia. Mimi nadhani alitoka katika nyumba ya Mama Marcelline, ile iliyobaki tupu tangu watu wa Kasai walipofukuzwa mjini na kupandishwa treni ya kurudi kwao. Aimée hataki kusikia hayo. Unamjua mke wangu, akishika jambo ameshika. Na kweli, tangu ndege huyu aje, Simone wetu ana homa inayokwenda na kurudi. Ana miaka minne na amekuwa mwepesi hata naogopa kumnyanyua.

Aimée amemleta Bertin. Unamkumbuka, alitufundisha darasa la sita. Walimu walipoacha kulipwa akafungua chumba cha maombi nyuma ya soko, na sasa anaitwa Pasta. Alisimama uani akatazama bati kwa muda mrefu, kisha akasema: "Ndeke ya namna hii haikuyake bure. Iko na mwenyewe. Na mwenyewe anakulaka na ninyi ku meza moja." Yaani ndege huyu haji bure, ana bwana wake, na huyo anakula nasi.

Wewe uko kati ya vitabu huko Ubelgiji. Tafuta watu wa zamani walisema nini juu ya bundi. Na swali lingine dogo, la kujua tu. Mama yetu alipokufa, mdogo wake Mama Hortense akaja kutulea, na mpaka leo yuko nyumbani kwetu; miaka ile ni wewe uliyelala naye chumba kimoja. Usiku alikuwa mtu wa namna gani? Nijibu wazi, usifiche kitu kwa ajili ya heshima.

Yaya wako, kaka yako mkubwa,
Germain

*

Namur, tarehe 13 Februari 1994

Yaya Germain mpenzi,

Barua yako imeletwa na mtawa, ma sœur Madeleine, katika sanduku moja na samaki wakavu wa duka la Baba Nasoro. Bweni zima la wanafunzi wauguzi linanuka Kikula. Wenzangu wamefungua madirisha katikati ya baridi, mimi nimekaa nanusa na kulia kama mjinga.

Kwanza Simone. Homa inayokwenda na kurudi mimi nafundishwa jina lake kila juma, na si bundi. Apelekwe dispensari leo, apimwe damu, apewe kinini. Usimngoje Bertin.

Sasa ndege wako. Nilikwenda maktaba, na kumbe hatuko peke yetu! Wagiriki wa kale walimfanya bundi ndege wa mungu wao wa kike wa akili, wakamchora hata kwenye fedha zao. Lakini Warumi, waliokaa karibu yao tu, walimwogopa kama Aimée. Bundi akiingia mjini waliusafisha mji mzima kwa maji na salfa, eti analeta kifo. Na walikuwa na neno moja, strix, la bundi na la mchawi anayekuja usiku kunyonya damu ya watoto wachanga. Neno moja kwa wote wawili, hebu fikiria! Wamaya wa Amerika walisema mabundi ni matarishi wa wafalme wa kuzimu, ndio wanaopeleka wito. Wamisri ndio walionichekesha zaidi. Katika maandishi yao ya picha, bundi alikuwa herufi ya sauti m. Kwa hiyo ukiandika "mama" kwa herufi zao, unaanza kwa bundi. Mwambie Bertin aweke hilo katika mahubiri yake.

Na ati Mama Hortense alikuwa namna gani usiku? Yaya, swali gani hilo! Yule halali. Nikiwa mgonjwa nilifungua macho saa yoyote nikamkuta amesimama juu yangu, macho wazi, anasikiliza pumzi yangu. Alizunguka nyumba nzima gizani bila taa na hakugonga hata kiti. Nawasimulia wasichana wa hapa mpaka wanatamani kumwona. Nawaambia: Mama Hortense ni chouette. Ni chouette kabisa, hakuna mwingine kama yeye. Mfikishie neno hilo kama lilivyo.

Mdogo wako,
Fidélie

*

Likasi, tarehe 20 Machi 1994

Fidélie,

Barua yako imefika. Asante kwa kusema ukweli. Najua haikuwa rahisi kwako, ndiyo maana umeuficha ndani ya mzaha.

Nilitaka kuisoma peke yangu. Aimée akataka isomwe mbele ya Bertin. Tulipofika kwenye neno lako mimi sikulijua. Kifaransa changu ni cha kiwandani, cha bolti na tanuru. Bertin akasema twende polepole. Akatoa kamusi yake ya zamani ya shule, ile ambayo panya wamekula pembe za kurasa zake, akaweka kidole akasoma: chouette, ndege wa usiku, wa jamaa ya bundi. Kisha akarudia maneno yako: Mama Hortense ni bundi. Ni bundi kabisa, hakuna mwingine kama yeye. Aimée alianguka chini.

Baada ya hapo mengine yalijipanga yenyewe. Amesimama juu ya mtoto, macho wazi. Anatembea gizani bila taa. Kwa Warumi bundi na mchawi ni neno moja, kwa Wamisri mama huanza kwa bundi. Bertin alitikisa kichwa, akasema: "Huyu mutoto ameona. Ameogopa kusema waziwazi, njo maana ameandika hivi. Kile kinakukula kiko mu nguo yako."

Mimi bado sikutaka kuamini. Nikaanza kulala jicho moja wazi. Na nilimkuta, Fidélie. Amesimama juu ya Simone gizani, ameinama. Nikamuuliza anatafuta nini. Akajibu: "Nasikia kama anapumua." Yalikuwa maneno yako mwenyewe.

Sasa analala katika jiko la nje. Hagusi mtoto wala sufuria. Hakulia wala kubisha. Aliuliza jambo moja tu, nani amesema. Nikamjibu: Fidélie.

Jumamosi ya mwisho ya Aprili watu wa maombi watakuja hapa. Atasimamishwa mbele ya wote, aungame, amfukuze ndege wake. Asipoungama sijui itakuwaje. Yule mzee wa barabara ya pili aliyekataa kuungama, walimmaliza kwa mawe. Bertin anasema ataomba watu watulie. Utuombee na wewe.

Germain

*

Namur, tarehe 17 Aprili 1994

Yaya! Yaya Germain!

Barua yako nimeipata leo, Jumapili. Hapo ulipo usimalize kusoma. Inuka, nenda jikoni, piga magoti, kisha urudi uendelee.

Sikusema kwamba yeye ni bundi. Wasichana wa hapa wakipenda kitu wanasema ni chouette. Viatu chouette, mwalimu chouette, Jumapili chouette. Maana yake mzuri, wa kupendeza, mtu ambaye unafurahi kuwa naye. Ndiyo, lipo pia jina la ndege. Lakini Mfaransa akitaka kusema ndege anaweka kineno mbele: une chouette. Kiswahili chetu hakina kineno hicho. Sisi tunasema "ni", basi, na kila kitu kinapita mlango mmoja. Mimi niliandika nusu huku nusu kule kwa kujionyesha tu, ili mjue nimekuwa mtu wa Ulaya. Mwambie Bertin asome mstari wa chini katika kamusi yake, kama panya wameuacha.

Alisimama juu yangu kwa sababu nilikuwa na surua, na alikwisha kumzika dada yake, aliogopa kunizika na mimi. Alitembea bila taa ili asituamshe. Wewe ulikuwa mkubwa kuliko mimi, Germain. Hayo uliyajua. Uliniuliza ya nini?

Na umemwambia ni mimi. Hilo linanichinja. Amelala chini katika moshi na anadhani ni mimi niliyemtupa.

Posta imekufa, najua. Barua hii inaondoka kesho na padri mmoja, nakala nampelekea Baba Nasoro dukani kwake. Nimelia mbele ya mama mkuu wa masista mpaka amekubali kutuma ujumbe Lubumbashi, na kutoka huko waupige kwa phonie, ile redio ya kuitana, hadi parokia ya kwenu. Phonie itawahi. Lazima iwahi.

Fidélie

*

Ujumbe wa phonie, uliopokelewa parokiani Likasi, Ijumaa tarehe 29 Aprili 1994

Kwa Germain, Kikula. Kutoka kwa Fidélie, Namur. Chouette hapo si bundi. Maana yake ni mzuri sana. Mama Hortense hana kosa lolote. Muacheni. Soma mbele ya watu wote. Najibiwa lini?

*

Likasi, tarehe 8 Mei 1994

Fidélie,

Mama Hortense yuko hai. Naanza na hilo ili upumue.

Ujumbe wako nilipewa na mtunza sakristia Ijumaa jioni. Niliusoma nikaelewa mara moja. Haukuhitaji kusomwa mara ya pili. Nilikwenda jikoni nikasimama mlangoni, yeye akaendelea kupepeta unga bila kuinua kichwa, nami nikajiambia kesho nitasema mbele ya wote, kama ulivyoagiza. Itakuwa na nguvu zaidi.

Kesho yake watu walijaa uani mpaka barabarani. Bertin alisoma barua yako kwa sauti, kipande kwa kipande, na watu wakaitikia. Ujumbe nilikuwa nao mkononi. Kila nilipofungua mdomo niliona mawe katika mikono ya watu ninaowajua, wawili wao wa zamu yangu. Nikawaza, nikisema watasema na mimi nimelishwa uchawi. Sikusema, Fidélie. Nimeoga mara nyingi tangu siku ile na bado najiona mchafu.

Aliyemwondoa ni Nasoro. Alikuja na kamio, lori lake la mizigo, akasema maneno yake ya mchezo, akampakia wakaenda. Wapi, sijui. Nikienda kumuuliza anafunga duka, na mchana kweupe.

Simone amepona. Mwishowe Aimée alikubali sindano za kinini. Bertin anasimama mbele ya watu wake anasema: mmeona? Bundi ametoka, mtoto ameinuka. Chumba chake hakitoshi tena. Watu wananishika mkono barabarani wananipongeza. Mimi najua, na mtaa haujui, na bado sijasema.

Na yule ndege hajaondoka. Nilipanda juu nikafunua bati. Vifaranga wawili, manyoya kama pamba, na rundo la mifupa ya panya. Nikarudisha bati. Nilipomwambia Aimée kwamba bundi bado yupo, alisema huyu ni mwingine.

Kama unaweza kumfikia Mama, muulize kama atarudi. Usimwahidi kwamba nitaweza kumlinda. Muulize tu.

Germain

*

Lubumbashi, mtaa wa Kenya, tarehe 17 Julai 1994

(Mimi ni Aicha, binti ya Nasoro. Mama Hortense anasema, mimi naandika vile anavyosema.)

Fidélie mutoto wangu,

Niko muzima. Nakula, nalala. Mu nyumba ya Aicha hakuna mutu ananichunga mikono. Barua zako za kwa Nasoro zimefika. Aicha amenisomea, nikamuambia soma tena, akasoma tena, mpaka bwana yake akauliza kama leo hatutakula.

Ile Jumamosi nitakuelezea minye mwenyewe. Balinitoa ku jiko, balinisimamisha katikati. Bertin akaanza kusoma barua yako. Unajua, minye nilikuwa sijaisikia. Germain aliniambia tu ni weye umesema. Njo nikasikia: vile nilikuwaka nasimama juu yako na surua yako ile, vile nilikuwaka natembea mu giza bila kugonga kiti. Nikasema mu roho yangu, anakumbuka. Huyu mutoto anakumbuka yote. Bantu beko na majiwe, na minye niko nafurahi! Aicha anacheka, lakini njo vile ilikuwa. Nilisikia mutu ananipenda mu ile barua, na nilijiuliza namna gani bale bengine hawasikie.

Kisha akafika ku lile neno, akalitafsiri, na furaha ikakufa.

Bertin akaniuliza: "Ndeke ni yako?" Nikamujibu: "Ndeke ni ya panya. Panda juu uangalie, iko na batoto." Bundi nilikuwa namujua tangu Noeli, na juzijuzi nikasikia vitoto vyake vinalia mu dari. Nilinyamaza kwa sababu panya balikuwa banakuya mpaka ku kitanda ya Simone, na tangu bundi amefika hawakuye tena. Kama ningesema, Aimée angevichoma moto.

Nilipoona bantu banasogea, nilimukumbuka Marcelline. Siku zile, mbele ya kupelekwa ku gare, stesheni ya treni, kwanza balimupa jina, yeye na benzake. Balibaita bilulu, wadudu. Mabehewa yalikuya nyuma. Njo nikajua, jina langu limekwisha kutoka, sasa nangojea behewa.

Germain alikuwa karibu ya mulango, anakunja karatasi, anakunjua, anakunja. Nilifikiri ni sala.

Basi Nasoro akaingia na klakson, anapiga honi ya camion. Akashuka, akashika kiuno, akauliza: "Bakubwa, huyu mama ni bundi kweli?" Balijibu: "Eeeh!" "Anaona mu giza?" "Anaona!" "Basi munipatie ye. Camion yangu iko na phare, taa ya mbele, moja tu, na minye naenda Lubumbashi leo. Atanionea barabara." Mutu moja akacheka. Na mwengine. Hata Bertin alifunika kinywa. Mutu anacheka hawezi kutupa jiwe, mukono unalegea. Nikapanda. Mpaka kuvuka muto Lufira Nasoro alikuwa ananiuliza, "Mama, kuna shimo?" na minye namuambia, "Iko, kata kushoto."

Unaniuliza kama nitarudi. Hapana. Na weye sina kasirani. Neno yako ilikuwa muzuri, ilipotea njia tu. Na Aimée sina kasirani, mutoto wake alikuwa anakufa. Lakini Germain nilimubeba ku mugongo. Alikuwa mukubwa tayari, miaka saba, na nilimubeba kwa sababu mama yake alikufaka, na yeye akakataa kutembea. Na siku alitaka kujua minye ni mutu gani, akaenda kuuliza mu kamusi. Aicha amenisomea mu barua yako ile karatasi ya mukono wa Germain ilikuwa nini, ujumbe wako. Umuambie nimejua. Umuambie Simone amalize kinini yake yote, basikate katikati. Na vile vifaranga, kama bado viko, abiache mpaka viruke.

Jambo ya mwisho. Ukiniandikia, uache ile Kifaransa ya wasichana. Kama unanipenda, andika unanipenda. Neno yake tuko nayo.

Minye mama yako,
Hortense